NYUMBA NA MALI: Motokaa ya Nguvu Mbili au ya Mazutu?



Barua tunayoijibu juma hili yatoka Luberizi, katika Bonde la Ruzizi, kati ya Luvungi na Sange. Iliandikwa mwaka 2025, kabla vita havijateremka bondeni hadi Uvira mwezi wa Desemba. Jibu limekawia kwa sababu zinazojulikana na kila mtu wa Kivu. Lakini swali lenyewe halijachakaa, na wengine wengi wametuuliza lilo hilo kwa maneno mengine.

Mwandishi ni baba wa watoto watano, mwenye kazi ya ofisini mjini Uvira. Wakati ule alikuwa akitoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, akishika barabara ya taifa namba 5 kupita Sange na Kiliba, kilometa kama 40 kwenda na 40 kurudi. Alikuwa amechoka kubanwa katika magari ya abiria, magoti yake juu ya gunia la muhogo la mtu mwingine. Akaazimu kununua motokaa yake mwenyewe. Hapo ndipo mashauri yalipoanza kugongana. Ndugu yake akaaye Kigali alimwambia anunue motokaa ya haibridi, yaani ile ya nguvu mbili, yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, kwa kuwa hainywi mafuta. Jirani yake, fundi wa vinu vya kusagia, alicheka aliposikia hayo, akamwambia anunue ya dizeli, ambayo sisi huku twaiita mazutu, wala asisikilize maneno ya mjini. Baba huyu atuuliza ni yupi kati ya hao wawili asemaye kweli.

Chini ya barua, kwa mwandiko mwingine, mama wa nyumba ameongeza mistari miwili. Ametuomba tujue, kabla ya kujibu lo lote, kwamba bei ya motokaa hiyo ni ng'ombe wao sita pamoja na kipande chao cha shamba la mpunga. Hakuandika zaidi. Twamshukuru sana mama huyu, maana bila mistari yake tungeandika habari za injini tu.

Tuanze na maneno ya ndugu wa Kigali, kwa kuwa si maneno ya mpumbavu. Motokaa ya kwanza ya nguvu mbili iliyouzwa kwa watu wengi ni Toyota Prius, iliyotolewa Japani mwezi wa Desemba 1997. Akili yake ni hii. Kila motokaa iendayo ina nguvu ndani ya mwendo wake. Dereva akanyagapo breki, nguvu hiyo hugeuka kuwa joto la vyuma, ikapotea hewani. Ni kana kwamba umemwaga barabarani mafuta uliyoyanunua. Katika motokaa ya nguvu mbili, mota ya umeme hugeuka dinamo wakati wa kupunguza mwendo, ikakamata sehemu ya nguvu ile na kuiweka katika betri. Baadaye betri huirudisha ili kusaidia injini wakati wa kuondoka. Tena gari likisimama, injini hujizima yenyewe. Kwa hiyo mtu akaaye katika mji wenye vilima na taa za njiani, mwenye kusimama na kuondoka mara mia asubuhi moja, huona kwa macho yake mafuta yakidumu. Kigali ni mji wa namna hiyo, na barabara zake kubwa zina lami nzuri. Ndugu huyo anasema aliyoyaona.

Je, kwa mwenye safari ndefu isiyokatika? Swali hilo limejadiliwa sana katika nchi zenye barabara pana za mwendo wa kasi, ambamo watu huenda kazini kilometa 50 au 80 pasipo kukanyaga breki ila mara chache. Hata karibu na kwetu barabara hizo zimeanza kuonekana: ile ya Nairobi hadi Thika iliyokamilika mwaka 2012, ile ya Entebbe hadi Kampala iliyofunguliwa mwaka 2018, na ile ya juu ya nguzo iliyofunguliwa Nairobi mwaka 2022. Mahali kama hapo mota ya umeme haina cha kukamata, kwa sababu hakuna breki. Injini ya petroli hufanya kazi karibu wakati wote, na betri hugeuka kuwa abiria asiyelipa nauli.

Hapo dizeli huonyesha ubora wake. Injini ya Rudolf Diesel, iliyofaulu katika majaribio ya Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, haina buji ya kuwashia moto. Huibana hewa kwa nguvu nyingi hata ikawa moto mkali, kisha mafuta yakirushwa ndani huwaka yenyewe. Kubana huko ndiko kunakoifanya itoe kazi nyingi kwa mafuta machache. Tena lita moja ya dizeli ina moto mwingi kuliko lita ya petroli, karibu sehemu moja ya kumi zaidi. Ndiyo sababu watu wa Ulaya wenye safari ndefu walipenda dizeli kwa miaka mingi. Lakini tusifiche neno: motokaa mpya za nguvu mbili zina injini za petroli zilizotengenezwa kwa uangalifu hata tofauti kati yake na dizeli barabarani imekuwa ndogo. Mtu wa Thika akituuliza leo, tungemjibu achague ile aliyopata kwa bei njema na yenye fundi karibu, wala asikose usingizi.

Basi, barabara ya Luberizi si ya Thika. Kila aliyeipita anaijua. Wakati wa kiangazi ni vumbi lifichalo hata ng'ombe walio mbele yako. Wakati wa mvua ni matope na maji yakatayo njia. Kuna mashimo, kuna baiskeli zenye mizigo mirefu kuliko mwenye baiskeli, kuna makundi ya mifugo, kuna vizuizi. Dereva mwema hawezi kwenda upesi, na asiye mwema twasikia habari zake.

Ajabu ni kwamba, kwa hesabu ya mafuta peke yake, barabara mbaya yaipendelea motokaa ya nguvu mbili. Kwa nini? Kwa kuwa kila shimo ni breki, na kila breki yarudisha umeme kidogo katika betri. Tupige hesabu. Baba wetu akienda kazini siku 24 kwa mwezi, kilometa 80 kila siku, atapita kilometa 1,920. Tuchukue kwamba motokaa ndogo ya nguvu mbili yanywa lita 5 kwa kilometa 100, na motokaa ya mazutu ya zamani kidogo, yenye nguvu ya kubeba, yanywa lita 8. Ya kwanza itahitaji lita 96, ya pili lita 154 hivi. Tofauti ni lita 58 kila mwezi. Hiyo ni fedha ya kweli, yenye kulipa karo na kununua madaftari. Kama hesabu ingeishia hapo, ndugu wa Kigali angeshinda, na sisi tungeweka kalamu chini.

Lakini motokaa hainywi mafuta tu. Betri ya nguvu mbili si ile betri moja ndogo ambayo kila fundi aijua. Katika Prius nyingi ziletwazo huku zikiwa zimetumika, ni safu ya vipande 28 vilivyopangwa nyuma ya kiti cha abiria, na jumla yake yafikia volti 200. Kipande kimoja kikifa, safu nzima huugua. Nchini Marekani kiwanda kiliitolea betri hiyo ahadi ya miaka 8. Sasa, motokaa ambayo baba wa watoto watano wa Luberizi aweza kuinunua ina miaka mingapi? Kumi na miwili? Kumi na mitano? Ahadi imekwisha zamani, na joto la Japani si joto la bonde. Betri hiyo hupozwa kwa kipepeo kidogo kivutacho hewa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Vumbi la Sange likiingia tundu lile kwa miezi mitatu, kipepeo huziba, betri hupata joto, na kuzeeka kwake huenda mbio. Kusafisha kipepeo si kazi kubwa, ila ni lazima mtu ajue kwamba kipo. Wengi waliozinunua hawakuambiwa.

Tena kuna umbo lake. Prius huinuka kutoka ardhini sentimeta kama 14 tu. Jiwe ambalo gari la mizigo halilioni litakwaruza tumbo lake. Katika mto uliojaa maji itakuwa taabu zaidi. Wakazi wa Uvira hawajasahau mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika ukabomoa nyumba na kuua watu. Katika majira kama hayo hata maji ya kawaida hufika magotini barabarani, na mwenye motokaa ya chini, yenye nyaya za umeme mkubwa na betri nyuma ya kiti, anatia mali yake katika kamari. Nyaya hizo hufunikwa kwa rangi ya machungwa ili kumwonya fundi asiziguse pasipo kujua. Kigali na Nairobi wako mafundi waliofunzwa kazi hiyo. Barabarani kati ya Luvungi na Kiliba, kijana mwenye spana na moyo mwema aweza kufa kwa kuigusa, na hatungependa mtu afe kwa ajili ya kutusaidia.

Kabla ya kuendelea, twataka kumjibu pia msomaji wa Bukavu aliyedai kwamba ile miteremko kutoka kwake hadi Kamanyola ingejaza betri bure, na kwamba bonde lote lingepitwa kwa umeme. Wazo lapendeza, walakini hesabu yalikataa. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, Ziwa Tanganyika mita 770 hivi, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo huteremkwa kabla ya kufika Kamanyola. Motokaa ya kilo 1,500 iteremkayo mita 500 hutoa nguvu kama kilowati-saa 2. Betri ya Prius ina nafasi ya 1.3 tu, na kompyuta yake hairuhusu itumike yote. Kwa hiyo betri hujaa kabla ya nusu ya mteremko, na nguvu iliyobaki hutupwa kama kawaida. Umeme uliokusanywa utampeleka kilometa chache. Walakini msomaji huyu, kama akaa Bukavu na kazi yake i Bukavu, katika vilima na msongamano wa Barabara ya Patrice Lumumba, hali yake ni kama ya ndugu wa Kigali, nasi tungemwambia motokaa ya nguvu mbili yamfaa kuliko ya mazutu, mradi awe na fundi. Na mwenye kwenda Uvira kwa kupitia lami ya Rwanda hadi Bugarama, atakuwa na njia njema nusu ya safari tu.

Turudi bondeni, tuseme habari ya mafuta yenyewe, kwa kuwa hapa jambo si fedha tena.

Motokaa za nguvu mbili ziletwazo kwetu karibu zote hutumia petroli, ile tuiitayo esansi. Petroli hutoa mvuke uwakao hata penye baridi kali kuliko barafu. Cheche ndogo yatosha. Dizeli haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ipashwe moto zaidi ya nyuzi 50 hivi. Watu wa bondeni hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa vitabu. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka katikati ya Sange. Mafuta yakamwagika. Watu wakakaribia, wengine kuteka, wengine kutazama. Na wengine wengi walikuwa wamejaa katika vibanda vya sinema kando ya njia, wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, hawana habari. Moto ukalipuka. Zaidi ya watu 230 walikufa, watoto wengi miongoni mwao, wakazikwa katika makaburi ya pamoja. Baba wetu alikuwa akipita hapo mara mbili kila siku.

Hatusemi kwamba mwenye motokaa ya esansi atalipuka. Mamilioni ya watu huziendesha salama. Lakini tuangalie jinsi mafuta yapatikanavyo vijijini. Mara nyingi si kwenye kituo chenye pampu, bali kwa wale vijana wa bidoni tuwaitao makadhafi, waliopanga chupa na madumu yao kando ya barabara. Na mwenye safari ya kila siku, akiogopa kukosa, hununua bidoni mbili akaziweka nyumbani. Wapi? Chini ya kitanda, au kwenye chumba kile kile chenye mbabula wa makaa na watoto waliolala. Kama nyumba yenu haina kibanda cha pembeni chenye kufuli, mbali na jiko, msiweke esansi nyumbani hata lita moja. Mazutu nayo iwekwe nje vile vile, ila kosa moja dogo halitageuka msiba upesi namna ile.

Fundi wa vinu ana haki katika jambo jingine. Mazutu yapatikana kila mahali penye kinu, kwa kuwa vinu vya vijijini huzungushwa na injini za dizeli, na malori yaletayo chumvi na saruji hutumia hayo hayo. Mikono ijuayo kutengeneza kinu yajua pia pampu na nozeli za gari la zamani. Motokaa ikikuacha Sange saa kumi na mbili jioni, huna haja ya kompyuta, bali ya mtu.

Hata hivyo, asidhani fundi huyo kwamba dizeli zote ni moja. Tangu miaka ya 2000 na kitu, viwanda vimebadili injini hizi sana. Nozeli zake zina matundu membamba sana, na mafuta hurushwa kwa nguvu ya kutisha. Tone la maji au mchanga kutoka dumu chafu laweza kuziua zote kwa siku moja, na bei yake yaweza kukaribia bei ya gari. Zile za karibuni zaidi zina chujio la masizi katika bomba la moshi. Chujio hilo lataka gari liende kwa kasi na kwa joto mara kwa mara ili masizi yaungue. Likitambaa siku zote katika mashimo, huziba. Nalo lataka mafuta safi yasiyo na salfa. Ulaya tangu mwaka 2009 salfa katika dizeli haipiti sehemu 10 katika milioni. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilikubaliana sehemu 50 kuanzia Januari 2015, nayo ni hatua kubwa, kwa maana mengi ya mafuta ya Kivu hupita katika nchi hizo yakitoka Mombasa na Dar es Salaam. Lakini yaliyomo katika dumu la kadhafi, baada ya kupita mikono mitano na pengine kuongezwa mafuta ya taa, hakuna awezaye kuapa. Kwa hiyo dizeli mpya ya kupendeza, iliyotumika Ulaya miaka sita, ni mtego kwa mtu wa bonde sawasawa na betri ya nguvu mbili. Tukisema mazutu, twataka kusema dizeli ya zamani, yenye pampu ya kawaida, isiyo na chujio la masizi, ya aina ile ambayo magari ya abiria ya barabara hiyo yameibeba kwa miaka mingi.

Na dizeli ya zamani ina dhambi yake, ambayo mama wa nyumba ataijua kuliko baba. Ni moshi. Mwezi wa Juni 2012 taasisi ya uchunguzi wa kansa ya Shirika la Afya Duniani ilithibitisha kwamba moshi wa dizeli huleta kansa ya mapafu. Mwaka 2015 dunia iligundua pia kwamba kiwanda kikubwa cha Ujerumani, Volkswagen, kilikuwa kimewadanganya wapimaji wa moshi kwa programu iliyofichwa ndani ya gari. Watu wa Luberizi hawawezi kungoja viwanda vitubu. Ila waweza kufanya hivi: gari lisiwashwe uani likaachwa likinguruma nusu saa mbele ya mlango huku watoto wakinywa uji. Lisukumwe mpaka njiani, liwashwe, liondoke. Na chujio la hewa, ambalo bei yake si kubwa, libadilishwe mara mbili zaidi ya kitabu kisemavyo, kwa ajili ya vumbi. Hapo kero ya moshi itapungua.

Vita vya Desemba 2025 vimetufundisha jambo moja zaidi, ambalo hatukulifikiri barua ilipotufikia. Familia nyingi za bondeni zilivuka kwenda Burundi zikiacha kila kitu. Motokaa iachwayo imesimama miezi mingi, kama haikuibiwa, huamkaje? Dizeli ya zamani yahitaji betri moja ya kawaida, iazimwe kwa jirani, na mafuta safi. Ile ya nguvu mbili, safu yake ya betri ikilala kwa miezi hujimaliza yenyewe polepole, na ikishuka kupita kiasi, gari haliwaki kabisa, hata tangi likiwa limejaa. Hakuna jirani mwenye volti 200 za kuazima.

Kwa hayo yote, twasema kwamba fundi wa vinu ana haki kwa njia ya Luberizi na Uvira, na ndugu wa Kigali ana haki kwa Kigali.

Sasa twaelekea kwa mama. Mama, ng'ombe sita na shamba la mpunga ni bei kubwa mno kwa kiti kimoja cha baba. Motokaa hupungua thamani tangu siku ya kwanza. Ng'ombe huzaa, na shamba hulisha watoto watano hata baba asipopata mshahara, jambo ambalo katika Kivu si la ajabu. Shamba lisiuzwe. Katika hilo hatuna shaka yo yote, wala hatutaki kusikia habari ya jirani aliyeuza lake akatajirika.

Je, ng'ombe? Hapo twaomba ninyi wawili mkae pamoja na daftari. Mwandike nauli ya baba kwa mwezi. Upande wa pili mwandike lita 154 za mazutu kwa bei ya kwenu, mafuta ya injini, mipira, karatasi za serikali, malipo ya vizuizini, na akiba ya fundi. Twawaambia mapema kwamba upande wa pili utaushinda wa kwanza, tena kwa mbali, kama baba atasafiri peke yake. Motokaa ya mtu mmoja ni starehe, si faida; na starehe si kosa, ila ilipwe kwa mshahara, isilipwe kwa ng'ombe. Lakini barabara hiyo ina walimu, wauguzi, wafanya biashara wa soko la Uvira, ambao nao hutoka alfajiri. Watu wanne wenye kazi wakikubaliana kuchangia mazutu kwa juma, kila mtu akilipa chini kidogo ya nauli yake ya sasa, hesabu yageuka. Na kama wawili kati yao wako tayari kununua pamoja nanyi, kwa maandiko na mbele ya mashahidi, pengine ng'ombe wawili wangetosha, na wanne wangebaki zizini.

Twajua kwamba ununuzi wa pamoja umevunja urafiki mwingi. Kwa hiyo maandiko yaseme tangu mwanzo nani alala na ufunguo, nani alipa gari likiharibika mikononi mwa nani, na mmoja akitaka kutoka atalipwa nini.

Siku ya kwenda kulitazama gari, baba asiende peke yake; amchukue yule fundi wa vinu, ampe nauli na chakula. Wafike asubuhi, injini ikiwa baridi. Muuzaji akiwa ameipasha moto kabla ya kufika kwao, waulize kwa nini, kisha wangoje ipoe. Dizeli nzima huwaka upesi baada ya kupashwa kidogo. Moshi mweusi unaozidi waonyesha nozeli au chujio la hewa. Wa buluu ni oili inayoungua, na hiyo ni habari ya fedha nyingi. Mweupe usiokoma baada ya injini kupata joto, waondoke bila kusema bei. Wafungue kifuniko cha oili injini ikinguruma, watazame kama pumzi yatoka kwa nguvu. Wasiamini saa ya kilometa. Watazame pedali ya breki ilivyolika na kiti cha dereva kilivyobonyea, kwa maana hivyo si rahisi kuvidanganya. Kama usukani uko kulia, wajue kwamba katika nchi yetu tuendeshapo upande wa kulia wa njia, dereva ataketi kando ya mtaro, hataona kijacho akitaka kulipita lori, na itambidi amtumaini aketiye kushoto amwambie. Watu wengi wanazo gari hizo, na wengi huishi. Bei yake ni ndogo. Sisi tungeongeza fedha kidogo tupate la usukani wa kushoto.

Baada ya kununua, mafuta yachukuliwe mahali pamoja siku zote, kwa mtu ajulikanaye, yapitishwe katika kitambaa kizito kabla ya kuingia tangini, na maji yaliyotuama chini ya chujio la mazutu yamwagwe kila Jumamosi. Kila lita iandikwe pamoja na kilometa za siku hiyo. Lita zikianza kupanda pasipo safari kuongezeka, aidha nozeli zimechoka au mtu anauza mazutu njiani. Daftari hilo, kwa maoni yetu, likae kwa mama.